Pazia la Mdomo wa Juu

Meno yangu yana rangi ya chai iliyokolea. Si machafu. Nayapiga mswaki kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nilipokuwa msichana mdogo niliyasugua kwa majivu, kwa magadi, hata kwa mchanga laini, mpaka ufizi ukatoa damu. Ni maji. Visima vya kwetu Nakuru vina madini yanayoingia ndani ya jino la mtoto kabla halijatokeza, na jino likishatoka na rangi hiyo, limetoka nayo. Ukienda Nairobi ukacheka, mtu anaweza kukuambia umekulia wapi kabla hujafungua mdomo tena kumjibu.

Nikiwa darasa la saba nilijifunza kutabasamu bila meno. Nasema nilijifunza kwa sababu ilikuwa kazi, na niliifanya kama kazi. Nilikaa mbele ya kioo cha mama, kile cha mviringo chenye ufa pembeni, nikavuta pembe za midomo huku nimeibana, nikaangalia macho yanasema nini, nikarudia. Nilikuwa na tabasamu tatu na kila moja nilikuwa nimeipa namba. Namba moja ilikuwa ya salamu. Namba mbili ya kanisani. Namba tatu, iliyonichukua karibu mwaka mzima, ilikuwa ya picha, na ilionekana kama furaha kabisa usipoitazama kwa muda mrefu.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye sikuwahi kumpa tabasamu yenye namba. Alikuwa jirani yetu pale Kiamunyi, mama mtu mzima aliyenijua tangu nikiwa na miaka minne. Alikuwa na ng'ombe mmoja, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikwenda na jagi kwenye ua wa kayaba, mti ule wa miiba, uliotenganisha boma lake na letu, akanipimia maziwa juu ya nguzo. Hakuwahi kunipa maziwa bila habari za ng'ombe.

"Leo ameniangalia kama mwalimu mkuu," angesema. "Nimevaa sweta nyingine, basi akakataa kukamuliwa. Imebidi nirudi ndani nikabadilishe, mimi mtu mzima, kwa amri ya ng'ombe."

Na mimi ningecheka. Meno yake yalikuwa na rangi kama yangu, labda yamezidi kidogo, naye alicheka akiwa ameyaweka yote nje. Asubuhi za kwetu ni baridi, na nilipocheka pale kwenye ua nilihisi ubaridi ukigonga meno yangu. Mahali pengine popote sikuuhisi kamwe. Ningeutambua hata nikiwa nimefumba macho.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilifanya kazi katika saluni moja mjini. Niliingia pale kama msichana wa kuosha nywele. Urembo wa uso nilijifundisha mwenyewe, saa ya chakula cha mchana, kwa kujipaka usoni vipodozi vilivyobaki na kuvifuta na kujipaka tena. Mwenye saluni, ambaye sote tulimwita Madam, alizaliwa Nakuru kama babake, katika moja ya familia za Wahindi zenye maduka, na ndiye aliyeninasa siku moja nikiwa nimejichora jicho la bibi harusi. Hakunifukuza. Aliniambia jicho la pili halilingani na la kwanza. Baada ya hapo maharusi wakawa wangu: wa hekaluni, wa msikitini, wa kanisani. Nyusi moja nilikuwa naweza kuifuta mara nne.

"Huyu ana miadi na bwana harusi, si na wewe," Madam alikuwa akiniambia. "Maliza."

Mwezi wa Novemba 2007 mpwa wake Madam alikuja kutoka ng'ambo kwa ajili ya harusi ya ukoo. Alikuwa daktari wa ngozi, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano hivi, mpole, mwenye Kiswahili cha utotoni, cha kumwomba nyanya yake chapati. Wanawake wa ukoo wakamzunguka pale saluni wakiuliza habari za sindano za midomo, zile zinazoifanya ijae. Alikuwa amekuja na vifaa vyake. Watatu kati yao walitaka, ila kila mmoja alitaka mwenzake atangulie.

Mimi nilikuwa nafagia nywele. Nikasema, "Anaweza kuanza na mimi."

Saluni nzima ikanigeukia.

"Midomo yako ina shida gani?" Madam akauliza.

"Ni myembamba."

Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa nimesikia daktari akiwaeleza kuwa mdomo wa juu ukijazwa huwa mzito na huteremka kidogo, kwa hiyo mtu akicheka meno huonekana machache zaidi. Aliyataja hayo kama hasara, kama kitu cha kujihadhari nacho. Mimi niliyasikia kama mtu aliyetajiwa duka linalouza kitu alichokitafuta miaka kumi. Kumbe mtu anaweza kutundikiwa pazia.

Daktari alinikalisha karibu na dirisha, akanishika kidevu.

"Cheka," akasema.

Nikampa namba moja.

"Hapana. Cheka kweli. Nataka kuona mdomo unapanda mpaka wapi."

Nikampa namba tatu. Akainamisha kichwa, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ambavyo namba tatu ilitengenezwa kutazamwa. Akanieleza, akichanganya Kiswahili na Kiingereza, kwamba dawa ile ni kama jeli, inakaa ndani ya mdomo, na mdomo si ukuta, ni kitu kinachotembea. Lazima ajue unatembea kiasi gani, ndipo ajue ubebe kiasi gani. Akaniomba mara ya tatu.

"Mwonyeshe tu," Madam akasema. "Hatakung'ata."

"Hivyo ndivyo ninavyocheka," nikasema.

Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, lakini sijawahi kusema uongo uliopimwa kwa makini namna ile. Daktari aliandika kitu kwenye kidaftari chake. Alipimia tabasamu niliyoitunga darasa la saba.

Alinipaka mafuta ya ganzi, tukangoja, kisha sindano. Ilikuwa nyembamba, iliingia pembeni mwa mdomo ikipita polepole, na licha ya ganzi machozi yalinitoka upande mmoja. Baada ya nusu saa nilikuwa na barafu iliyofungwa kwa taulo, na midomo kama ya mtu mwingine.

"Sasa, bata," akaniambia mwenzangu wa kusuka nywele, na aliendelea kuniita hivyo juma zima.

Mama nilimwambia ni nyuki. Jirani pia nilimwambia ni nyuki. Alisikitika, akakata jani la mshubiri kutoka bomani mwake, akanipitishia juu ya ua akisema nipake utomvu wake jioni. Nililipokea. Nililiweka dirishani chumbani mwangu likakaa pale mpaka likanyauka, na kila nilipoliona nilijisikia vibaya, lakini si vibaya vya kutosha kumwambia ukweli.

Uvimbe uliposhuka nilijikagua. Nilisimama mbele ya kioo nikasema maneno yenye kunichekesha, na bado, nikicheka hasa, ncha za meno ya mbele zilionekana. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilizihesabu. Zilikuwa nne. Kwa hiyo siku mbili kabla daktari hajarudi kwao nilimfuata nikamwomba aongeze.

"Mimi ningeishia hapa," akasema.

"Kidogo tu."

"Baadaye dawa itapungua yenyewe, baada ya miezi. Mwaka labda. Lakini usiwe na haraka."

Sikuwa na haraka, nilikuwa na hofu, na kwa nje vitu hivyo viwili hufanana. Aliongeza kidogo tu. Upande wa kushoto palibaki kijivimbe kama punje ya mchele ambacho alinionyesha jinsi ya kukisugua kwa kidole taratibu.

Nitakiri kwamba nilifurahi. Nilikwenda studio ya picha karibu na stendi nikapiga picha nikicheka, mdomo wazi, na hakuna hata jino moja lililotokea. Niliibeba picha ile mkobani. Niliitoa mara kumi kwa siku. Ilinichukua karibu juma moja kugundua kinachonisumbua ndani yake, na mimi ndiye mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutazama nyuso.

Mtu akitabasamu, mdomo wa juu hunyooka na kuwa mwembamba, pembe zinapanda, mashavu yanasukumwa juu, na macho yanapokea. Hivi vyote vinakwenda pamoja. Wangu haukunyooka. Ulikaa palepale kama mgeni aliyealikwa kusimama akakataa, na mashavu yakapanda peke yao, na upande wa kushoto ukachelewa nyuma ya wa kulia. Mtu hakuona msichana anayecheka. Aliona msichana anayezuia kitu, labda dharau.

Bibi harusi mmoja aliniuliza, nikiwa nampaka wanja, "Kwani nimekukosea?" Nilimwambia hapana, nikamtabasamia kumhakikishia, akaomba afanyiwe na mwingine. Mama yangu aliuliza nyumbani, "Hiyo sura unayoniletea umeitoa wapi?" Na pale kwenye ua, asubuhi moja, jirani alinisimulia jinsi ng'ombe alivyokanyaga ndoo makusudi na kisha akatazama pembeni kama si yeye. Nilicheka. Sauti ilitoka. Alinitazama usoni, na nikaona kicheko chake kikipungua.

"Leo hadithi haikuwa nzuri?" akauliza.

"Ni nzuri, Mama. Nimecheka."

"Sawa," akasema, akanipa jagi.

Sikuhisi baridi yoyote kwenye meno. Niliondoka nikijiambia kwamba ndivyo nilivyotaka.

Kisha mwisho wa Desemba tukapiga kura, matokeo yakabishaniwa, na kila anayesoma haya anajua kilichofuata. Mimi na jirani hatukuwa wa kabila moja. Tulikuwa tumejua hivyo siku zote, jinsi unavyojua mtu fulani ni mrefu kuliko wewe, na halikuwa neno la kutajwa. Januari likawa neno. Hapo mtaani petu hakuna aliyemgusa mwenzake, lakini moshi tuliuona upande wa mji, na watu wakaanza kusomana nyuso. Salamu zilibaki zilezile, mmeamkaje, mko salama, ila mtu alipokusalimia alisimama kidogo zaidi akingoja uso wako umjibu, kwa sababu ulimi haukuaminika tena.

Na huo ndio wakati ambao mimi sikuwa na uso wa kujibu nao.

Nakumbuka asubuhi ile vizuri. Alikuja kwenye ua amejifunga leso kichwani, macho mekundu ya kukosa usingizi. "Mmeamkaje kwenu?" akasema. Nilitaka kumpa kila kitu nilichokuwa nacho. Nilimtabasamia, na kwa ndani ilikuwa tabasamu kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa. Sijui yeye aliona nini. Najua alirudisha mkono uliokuwa umeshika jagi, akaliweka jagi juu ya nguzo badala ya kunipa, akageuka. Kesho yake nilikuta maziwa yamekwisha kuwekwa juu ya nguzo katika jagi lake mwenyewe, na yeye hayupo. Siku ya tatu hapakuwa na maziwa.

Mama akaenda kuuliza. Alirudi akakaa mezani bila kuvua viatu.

"Kaka yake anakuja Alhamisi na pikapu kutoka Mau Narok," akasema. "Anahama. Ng'ombe anauzwa kwa mchinjaji, hakuna nafasi ya kumbeba. Nimemwambia atuachie sisi. Unajua amenijibu nini?"

Nilivuta kiti nikakaa naye.

"Ameniambia, 'Wewe nakuamini. Lakini msichana wako amenichoka. Tangu kabla ya Krismasi ananiangalia kama mtu anayengoja nihame.'" Mama alinitazama. "Umemfanya nini huyu mama?"

Hapo ndipo nilipomwambia mama kuhusu sindano. Nilimwambia yote, dirisha, tabasamu namba tatu, mara ya pili, ncha nne za meno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe nyuki alikuwa na digrii," akasema.

Sikucheka, na hata kama ningecheka asingejua.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano, kwa hiyo nilikuwa na asubuhi moja tu. Kama jirani angepanda gari Alhamisi akiamini alichokiamini, angeondoka nacho, na ng'ombe angechinjwa, na mimi ningeishi upande huu wa ua nikijua. Nilikaa na kioo kwa muda mrefu. Nilitafuta tabasamu ya kumpa. Nilijaribu kwa pembe moja, nilijaribu kwa macho peke yake, nilijaribu kuvuta pua. Nina bidii ya namna hiyo, hata pale ambapo bidii ndiyo iliyoniponza. Hakuna iliyofanya kazi. Kila uso uliotokea kwenye kioo ulikuwa wa mtu ambaye mimi mwenyewe nisingemwachia ng'ombe.

Asubuhi nilikwenda bila jagi. Sikusimama kwenye ua. Nilizunguka kwa lango lake, ambalo sikuwa nimelipitia tangu Krismasi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akikamua, kipaji cha uso kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Nyuma yake, mlangoni, magodoro mawili yalikuwa yamekwisha kufungwa kamba.

"Maziwa leo hakuna," akasema bila kugeuka.

"Sikuja kwa maziwa, Mama. Nimekuja kukwambia kwamba haikuwa nyuki."

Akageuka.

"Nini haikuwa nyuki?"

"Mdomo. Nilidungwa sindano. Kwa kupenda kwangu. Kuna dawa ndani, inafanya mdomo uwe mzito ufunike meno. Sasa haunyanyuki. Nikicheka haunyanyuki, nikikusalimia haunyanyuki. Sijakuchoka. Ni mdomo."

Alinitazama kama ninayesema kwa lugha nyingine. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yale na bado yalitoka vibaya. Basi nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanyia mazoezi hata kidogo. Nilishika mdomo wangu wa juu kwa vidole viwili vya kila mkono nikaunyanyua, kama mtu anayekagua umri wa mbuzi, nikasimama pale katikati ya boma lake na meno yangu yote ya chai nje.

"Ni hivi," nikasema, maneno yakinitoka nusu nusu. "Ndani niko hivi."

Baridi iligonga meno.

Alitazama meno, akatazama vidole. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alijishika kwenye mguu wa ng'ombe, ng'ombe akasogea, ndoo nusura imwagike, akaikamata na huku anacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la leso.

"Toa vidole," akasema. "Toa vidole mdomoni, umetoka wapi na hivyo vidole. Eti ulidungwa? Hakuna aliyekushika?"

"Hakuna."

"Ulikaa mwenyewe?"

"Nilikaa mwenyewe. Nikarudi mara ya pili."

"Mara ya pili." Alirudia kama anaonja. "Na ulitaka kuficha meno."

"Ndiyo, Mama."

"Yanayofanana na haya?" Akanionyesha yake. "Mimi niliolewa na haya. Marehemu mzee wangu, yake yalikuwa meusi kunishinda. Kwenye picha ya harusi tunafanana kama ndugu." Kisha kicheko kikamwisha, akashika chuchu ya ng'ombe bila kukamua. "Mimi hayo meno yako ndiyo nilikuwa nayangojea kila asubuhi. Yakaacha kuja. Nimekaa majuma nikijiuliza nani amekwambia nini juu yetu."

"Hakuna aliyeniambia kitu."

"Hata mmoja?"

Nilifikiri, kwa sababu nilitaka liwe jibu la kweli. "Watu wanasema mengi kazini na kanisani," nikasema. "Lakini siyo kuhusu wewe. Na mimi nilinyamaza walipokuwa wanasema. Hilo nalo nakwambia."

Alitikisa kichwa, polepole, akakubali. Sijui kama alinisamehe hilo. Alisema, "Lete kigoda kile kingine," na alipoona nimesimama tu, "Utamkamua vipi kama hujui kukaa?"

Mchinjaji alipokuja saa nne, jirani alimrudisha kutoka langoni.

Sikumzuia jirani kuondoka. Kaka yake alifika Alhamisi kama alivyosema, na mwisho wa Januari, mji ulipowaka kweli, nilishukuru kwamba alikuwa mbali juu kule kwenye mashamba ya viazi. Lakini aliondoka akiwa ametuachia kamba, ndoo, vigoda viwili, na sweta kuukuu ya kijani ambayo aliniagiza niivae bila kukosa. "Usijaribu nyingine," alisema akiwa amekwisha panda pikapu. "Utajuta."

Nilijaribu nyingine, siku ya tatu, kwa sababu ile ya kijani ilikuwa na tundu kwenye kiwiko na ilinikera. Ng'ombe alinitazama kama mwalimu mkuu. Nilirudi ndani nikabadilisha.

Saluni ilifungwa kwa majuma kadhaa. Nikajifundisha kukamua kama nilivyojifundisha kila kitu, kwa kukosea na kurudia, nikiosha ndoo mara mbili zaidi ya inavyohitajika, nikipima maziwa ya asubuhi na ya jioni kwa kijiti nilichokitia alama. Ng'ombe hakujali alama zangu. Siku nyingine alitoa mengi nikiwa nimemkamua ovyo, siku nyingine machache nikiwa nimefanya kila kitu sawasawa. Hilo lilinikasirisha mwanzoni. Baadaye likaanza kunipumzisha. Hakuna kioo kwenye boma la ng'ombe, na nilikaa saa nzima kila asubuhi bila kujua uso wangu unafanya nini.

Saluni ilipofunguliwa, baada ya wakubwa wa siasa kupeana mikono na barabara kutulia, nilimweleza Madam nilivyomdanganya daktari.

"Alijua," Madam akasema. "Alinipigia simu akasema, yule msichana nilimwomba mara tatu acheke na mara zote tatu alinipa picha ya pasipoti." Aliendelea kupanga chupa zake. "Na wewe siku hizi kabla hujampaka bibi harusi rangi ya mdomo, mwambie acheke kwanza. Ujifunze kitu."

Nimekuwa nikifanya hivyo tangu siku ile. Wengi wao, waliokunywa maji yetu, huniletea namba moja yao. Huwa nangoja.

Mdomo haukurudi kwa siku moja. Ulirudi kidogo kidogo, na sikuuona ukirudi kwa sababu nilikuwa nimeacha kuukagua kila saa. Nilikuwa nimejiwekea mara moja kwa siku, na nilivunja sheria hiyo, lakini si sana. Kijivimbe cha kushoto kilikuwa cha mwisho kulainika. Mwezi wa Aprili, nikikamua, ng'ombe alipunga mkia uliolowa akanichapa nao usoni, barabara, kwenye shavu, kisha akatazama pembeni kama si yeye. Nilicheka peke yangu pale kwenye kigoda. Na nikahisi ubaridi. Ulikuwa mwembamba, upande wa kulia tu, kwenye meno mawili au matatu. Nilikaa na mikono imeshika chuchu, nikiogopa kusogea, kama mtu aliyeguswa begani na mtu aliyedhani amekwenda.

Jirani alirudi mwezi wa Mei, kwa pikapu ileile, na magodoro yaleyale. Mama alikuwa amepika chai. Nilikuwa nimefagia boma lake tangu alfajiri, kisha nikalifagia tena. Aliposhuka hakuniangalia mimi. Alimwendea ng'ombe moja kwa moja, akampapasa mgongo, akainama kutazama chini, akamzunguka.

"Amenona," akasema, na ilikuwa karibu lawama. "Umekuwa ukimpa nini?"

"Ulichosema tu, Mama. Na maganda ya viazi."

"Mh." Kisha akanigeukia, akaja karibu, akanishika kidevu, karibu kabisa na dirisha la nyumba yake. "Cheka nikuone."

Sikuweza. Nilikuwa nimengoja asubuhi ile tangu Januari, na alipotoa amri uso wangu ukakauka kama wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nilianza kueleza kwamba sasa ni afadhali, kwamba daktari alisema mwaka, kwamba bado kuna kidogo.

"Usieleze," akasema. "Ngoja nikamue kwanza, tutaona."

Alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha mikono. Alikuwa amevaa koti jipya, la buluu, zawadi ya wifi yake kwa safari. Ng'ombe aligeuza shingo. Alimtazama kuanzia kwenye leso mpaka kwenye viatu, bila haraka, kisha akapiga hatua moja mbele, na ndoo ikabaki nyuma peke yake chini ya hewa tupu.

Jirani alikaa na mikono yake imenyooka vilevile.

"Miezi minne," akamwambia ng'ombe. "Miezi minne, na hivi ndivyo unavyonipokea."

Kicheko kilinitoka kabla sijakichagua. Baridi ya Kiamunyi iliingia yote, kulia kwanza, kisha, baada ya kusitasita, kushoto. Jirani alinyanyua macho kutoka kwenye kigoda akanitazama mdomoni, kwa makini, kama nilivyokuwa nikitazama nyusi za maharusi.

"Upande huu wa kushoto bado umelala," akasema.

"Unaamka, Mama."

"Basi lete sweta."

Nilikuwa nimeivaa. Niliivua, ile ya kijani yenye tundu kwenye kiwiko, nikampa.